Sura ya Sita: Roho ya Kwa Nini

Liko swali ambalo watu huniuliza kwa kuzungukazunguka. Mwanamke mmoja wa makamo aliniambia hivi: "Dada yangu ana nyumba yake, mimi bado napanga. Simwombei mabaya hata kidogo. Lakini kila nikitoka kwake kichwa kinaniuma siku mbili. Huu ni ugonjwa gani?" Kijana mmoja, mwalimu, aliniuliza kama kuna njia ya kumzuia mtu asifungue simu asubuhi. Nilipomdodosa, kumbe kila siku anaamkia picha za wenzake aliomaliza nao chuo. Mzee mmoja wa Tanga aliuliza waziwazi kuliko wote: "Mtu niliyesoma naye darasa moja bado ananiuma, na miaka hamsini imepita. Kwa nini haiishi?"

Nianze na mzee huyo, maana ndiye aliyenifanya niandike sura hii.

Ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilikwenda kwake kupunguza suruali. Alikuwa ameketi kwenye cherehani ya miguu, ile nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yameshafutika, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Gari jeupe likapita polepole kwa sababu ya mashimo. Ndani yake mzee wa rika lake, miwani, shati la mikono mirefu, akanyanyua mkono. Fundi naye akanyanyua wake. Miguu yake ikaacha kukanyaga.

"Yule tulikaa dawati moja," akasema. "La kwanza mpaka la saba. Hesabu alikuwa anakopi kwangu."

Akakata uzi kwa meno, akatazama kona gari lilipoishia.

"Mwanangu, mimi nimeishi maisha ya mtu mwingine. Yangu anayo yule."

Nimewasikia mafundi wakilalamikia mitumba, umeme na wateja wasiokuja kuchukua nguo zao. Hili sikuwahi kulisikia, tena likisemwa kwa utulivu namna ile, kama mtu anayekueleza kwamba viatu vyake vimevaliwa na mwingine msikitini, naye ikabidi arudi nyumbani na hivyo vilivyobaki mlangoni.

Ukoo wa maneno

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe maneno, kwa sababu watu wengi huteseka bure wakidhani wana jambo baya kuliko walilo nalo. Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno ya maumivu haya:

- *Wivu* ni neno pana. Mara nyingi ni kulinda kilicho chako kisichukuliwe, kama mke na mumewe, ingawa siku hizi tunalitumia kwa kila kitu.
- *Gere* ni ule mchomo mdogo wa ghafla. Mtoto huona gere ndugu yake akinunuliwa viatu vya sikukuu. Jioni amesahau.
- *Kijicho* ni kukitazama cha mwenzio ukaumia, na usiweze kuacha kutazama.
- *Husuda* ni kutaka mwenzio apokonywe alichopata, hata kama wewe hutakipata. Mwenye nayo ni hasidi, na hasidi, kama zisemavyo khanga, hana sababu.
- *Ghibta* ni neno la masheikh: kutamani upate kama alichopata mwenzio, naye abaki nacho. Hilo halihesabiwi kuwa dhambi.

Nje ya orodha kuna msemo ambao kwangu mimi unazidi yote: *roho ya kwa nini*. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Anayeambiwa ana roho ya kwa nini huwa ametukanwa. Ila tazama jinsi tusi lenyewe lilivyojengwa. Limejengwa kwa swali, na swali hilo wakati mwingine lina haki ya kujibiwa. Nitalirudia.

Kuhusu kijicho, si sisi peke yetu tuliogundua kwamba maradhi haya yamekaa machoni. Warumi wa kale waliyaita kwa neno lililotokana na kitenzi cha kutazama. Na Dante, mshairi wa Italia wa karne ya 14, katika safari yake ya kubuni ya toharani, mahali roho zinapotakaswa, aliwaketisha wenye kijicho wakiwa wameegemeana, kope zao zimeshonwa kwa waya wa chuma ili wasitazame tena. Nilimsimulia fundi habari hiyo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Mshono gani?"

Fundi hana husuda. Hataki gari lile liharibike. Hata gere halimfai kama jina, kwa sababu gere huisha jioni. Alicho nacho ni maumivu ya maisha mazima: hisia kwamba mahali fulani, siku fulani, vitu vilibadilishwa.

Mbona si tajiri anayekuuma?

Jambo la kwanza la kushangaza ni nani anayetuuma. Muuza mchicha wa sokoni hakeshi akimwazia bilionea Mohammed Dewji. Humsikia kwenye redio, anasema hewaa, anaendelea kufunga mafungu yake. Anayemnyima usingizi ni mama wa meza ya tatu, aliyeanza naye mwaka mmoja, mchicha uleule, maji yaleyale, ambaye sasa ameweka friji la juisi.

Wagiriki wa kale walilijua hili. Walisema mfinyanzi humwonea kijicho mfinyanzi mwenziwe. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu furaha, aliona kwamba ombaomba hawawaonei kijicho mamilionea. Humwonea ombaomba mwenzao anayepata kidogo zaidi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, akalipa jambo hili maelezo: mtu hana rula ya kujipimia maisha, kwa hiyo hujipima kwa watu wanaofanana naye. Hujui kama mshahara wako ni mzuri mpaka ujue wa jirani wa meza.

Kwa hiyo ndugu, mke mwenza, shemeji, mtu wa kijiji kimoja, mtu wa dawati moja. Kufanana ndiko kunakouma. Tajiri wa mbali ni mtu wa jamii nyingine, kama mvua ya nchi nyingine. Mtu wa dawati lako ni ushahidi. Anathibitisha kwamba jambo liliwezekana, na liliwezekana kwa mtoto aliyevaa kaptura kama yako.

Nikiri hapa kwamba mimi mwenyewe si salama. Nikisikia mwanamuziki kashinda tuzo nafurahi. Nikisikia mwandishi wa umri wangu kitabu chake kimeteuliwa kusomwa shuleni, nakunywa chai haraka na kuungua ulimi. Mfinyanzi ni mfinyanzi.

Simu imeongeza dozi. Zamani mtu uliyesoma naye mlikutana kwenye harusi, mara moja kwa miaka miwili, ukala pilau, ukaumia, ukasahau. Leo kuna kundi la WhatsApp la mliomaliza mwaka mmoja, na kabla hujapiga mswaki umeshaona nani amehama, nani amezindua nini, nani yuko Dubai. Siongezi zaidi, kila mtu analijua hili, na wanaolalamikia simu wengi wao hulalamika humohumo kwenye simu.

Boti iliyokuacha kwa dakika tano

Jambo la pili ni ukaribu wa kukosa. Watafiti wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliwahi kuwauliza watu: abiria wawili wamechelewa uwanja wa ndege. Mmoja anaambiwa ndege yake imeondoka nusu saa iliyopita. Mwingine anaambiwa yake ilichelewa, imeondoka dakika tano tu zilizopita. Nani ataumia zaidi? Karibu wote walijibu: wa dakika tano. Ukitazama, hasara ni moja. Wote wamelala mjini. Mtu yeyote aliyewahi kusimama bandarini Dar es Salaam akaiona boti ya Unguja inatoa povu mita thelathini kutoka gatini hahitaji utafiti.

Wengine walichunguza sura za wanariadha kwenye picha za televisheni za Olimpiki ya Barcelona, 1992. Waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa fedha alikuwa anaitazama dhahabu. Wa shaba alikuwa anamtazama wa nne, ambaye hakupata kitu. Aliyekuwa juu zaidi akawa mnyonge zaidi, kwa sababu ya upande aliogeuzia shingo.

Sasa turudi kwa fundi. Alimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Walio wengi hawakupata. Hilo halikuwa siri wala uzembe tu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba shule ya msingi inapaswa kuwa elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa sababu nchi haikuwa na uwezo wa kuwapeleka wote na wengi wangebaki vijijini na mijini kufanya kazi. Kwenye karatasi ilikuwa na busara. Shuleni, mtoto alisimama mstarini akisikiliza majina.

Fundi ananisimulia: majina yalikuwa matatu kwa shule nzima. La kwanza la msichana, alitarajiwa. La pili mtoto wa mwalimu. Kabla ya la tatu mwalimu mkuu alikohoa. Fundi anakumbuka kikohozi hicho. Anakiigiza vizuri, mkono mdomoni, kiungwana. Katika kikohozi hicho jina la tatu lilikuwa lake. Kisha likasomwa, likawa la mwenzake wa dawati.

"Wakasema kuna chaguo la pili," anaendelea. "Watu wakiacha nafasi, wengine wanaitwa. Nikangoja. Mama akashona hata begi la shule, kwa gunia. Chaguo la pili halikuja."

Angeshindwa vibaya, angekuwa mtoto aliyefeli, na watoto waliofeli walikuwa wengi, walienda pamoja kuvua au kukata mkonge. Alikosa kwa urefu wa kikohozi. Watu wa aina hii, waliokosa pua na mdomo, ndio wengi kati ya wanaonijia wakisema wameishi maisha yasiyo yao.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* hatuumizwi na aliye juu sana, tunaumizwa na aliyefanana nasi. Na hatuumii kwa ukubwa wa tulichokosa, tunaumia kwa jinsi tulivyokikaribia.

Kesi ya Salieri

Dunia ina kielelezo chake cha mtu aliyeumwa kijicho maisha mazima: Antonio Salieri, mwanamuziki Mwitaliano wa Vienna, Austria. Kisa kama kinavyojulikana ni hiki. Salieri alifanya kazi kwa bidii, akasali, akajinyima, akapata cheo. Akatokea Mozart, kijana mcheshi asiye na adabu, ambaye muziki ulimtoka kama maji bombani. Salieri peke yake alikuwa na masikio ya kutosha kujua jinsi alivyozidiwa. Akaiuliza mbingu: kwa nini yeye? Akamuua kwa sumu.

Ni hadithi nzuri. Mshairi Mrusi Pushkin aliiandika kama mchezo mfupi mwaka 1830, miaka mitano tu baada ya Salieri kufa. Peter Shaffer wa Uingereza akaifanya tamthilia, *Amadeus*, mwaka 1979, na filamu yake ya 1984 ikachukua tuzo nane za Oscar, moja ikienda kwa aliyeigiza Salieri. Nayo si kweli. Mozart alikufa Desemba 1791 kwa maradhi, na hakuna ushahidi wa sumu.

Salieri wa kweli alikuwa nani? Alikuwa mkuu wa muziki wa kasri la mfalme, Vienna, kuanzia 1788 mpaka karibu na kifo chake. Jumba la opera la La Scala, Milan, lilipofunguliwa mwaka 1778, lilifunguliwa kwa opera yake. Aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt. Na baada ya Mozart kufa, alimfundisha mtoto wa Mozart.

Nasimama hapo kwenye mtoto kwa sababu napenda kupawazia: mzee ameketi kando ya kinanda, kijana mwenye jina lile anapiga noti, mzee anamsahihisha kidole. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini. Pengine gere kidogo, nani anajua. Lakini somo liliendelea.

Kisa hiki kinanisaidia kwa namna moja. Tumemjua Salieri kwa karibu karne mbili kwa kumweka kando ya mtu mwingine, na kwa kufanya hivyo tumeyafuta maisha yake yote. Opera zake, wanafunzi wake, chakula chake, watoto wake, vyote vimekuwa sentensi moja: *hakuwa Mozart*. Tulichomfanyia Salieri ndicho anachojifanyia mtu mwenye kijicho cha maisha. Muulize fundi habari zake naye atakupa habari za mwenye gari. Nilipomuuliza ameshona harusi ngapi, ilibidi afikiri. Nilipomuuliza mwenzake alipandishwa cheo mwaka gani, alinitajia na mwezi.

Kisichotendeka hakina mwisho

Wanasaikolojia waliochunguza majuto wamegundua jambo ambalo bibi zetu wangelikubali bila kusoma. Kwa siku chache zinazofuata, mtu hujutia zaidi alichofanya: maneno aliyosema, pesa aliyokopesha. Lakini ukiwauliza watu wenye umri mkubwa, wakitazama nyuma, wengi hutaja ambacho hawakufanya. Shule ambayo hawakuendelea nayo. Mtu ambaye hawakumwoa. Safari ambayo hawakwenda.

Sababu ni nyepesi. Jambo ulilofanya lina mwisho wake. Ulifungua duka, likafilisika, ulipoteza kiasi fulani, basi, unaweza kulihesabu. Duka ambalo hukulifungua halijawahi kufilisika. Liko pale, rafu zimejaa, wateja wamepanga foleni, na kila mwaka linapanuka bila kodi ya mapato.

Maisha ambayo mtu hakuyaishi hayana malaria. Hayana mkwe mkorofi, hayana kukatika umeme, hayana bosi anayekusimamisha mbele ya vijana. Fundi aliponieleza maisha yake "ya kweli", alikuwa na kila kitu kilichopangwa: sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu cha Mlimani, kisha ofisi yenye feni ya dari, kisha nyumba Raskazone yenye mwembe. Nikamuuliza kuhusu miaka ya 1990, watumishi wengi wa umma walipopunguzwa kazini. Akasema yeye asingepunguzwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hesabu ninazijua."

Hapa ndipo penye siri ya maumivu yake, kadiri ninavyoona. Maisha anayoyaonea kijicho si ya mwenye gari. Ya mwenye gari hayajui. Hajui kama ana kisukari, hajui mkewe anamsemesha vipi jioni. Anachokitazama ni maisha aliyoyatengeneza yeye mwenyewe, kwa mkono wa fundi, akichukua kipande kwa mwenzake na bitana kwa kikohozi cha mwalimu, akayashona kwa miaka hamsini mpaka yakamkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa. Mwenye gari amekuwa hanga tu ya kutundikia.

Ningependa kukuambia kwamba mwenye gari naye, kwa siri, alimwonea fundi wivu: amani yake, wajukuu wake, kibaraza chake chenye upepo. Hadithi za namna hiyo zinapendeza na vitabu vimejaa. Nilizungumza na mwenye gari. Ni mtu mwema, ameridhika, anapenda kahawa na magazeti. Anamkumbuka fundi kama "yule mtoto mwenye akili, sijui alipotelea wapi", na alisema hivyo tukiwa mtaa wa nne kutoka kwenye cherehani.

Pale "kwa nini" inapokuwa swali la haki

Nilisema nitarudi kwenye swali. Kuna watu ambao ni dhambi kuwaambia "acha wivu".

Chukua nyumba yenye watoto wawili wenye akili na ada ya mmoja. Kwa miaka mingi, nyumba nyingi zilichagua kwa kutazama nani atavaa suruali. Dada akabaki, akauza vitumbua, na vitumbua vikasaidia ada ya kaka. Leo kaka ni mhandisi, anakuja na zawadi, dada ananuna jikoni na watu wanasema ana roho mbaya. Au chukua msichana aliyefukuzwa shule kwa kupata mimba wakati mvulana mwenye mimba yake akiendelea kukaa darasani. Tanzania ilitangaza mnamo Novemba 2021 kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Waliofukuzwa miaka mingi kabla ya hapo sasa wana miaka thelathini, arobaini, hamsini. Mmoja wao akiniambia ameishi maisha yasiyo yake, sina la kumsahihisha.

Tofauti kati ya kijicho na madai iko kwenye kitu kimoja. Madai yana mtu wa kuyapokea: baba, kaka, serikali. Yanaweza kutamkwa mchana, yakajibiwa, hata kama jibu ni samahani iliyochelewa. Namjua kaka mmoja aliyemwita dada yake mbele ya watoto wake wote akawaambia, "Ada yangu ililipwa na vitumbua vya huyu." Dada hakusema kitu. Aliomba chumvi. Lakini wanaomfahamu wanasema kununa kuliishia hapo.

Fundi hana mtu wa kumdai. Mwenzake hakuiba. Mwalimu alikohoa kwa sababu kifua kilimwasha.

Kipande kimoja

Mwaka 2003 Kenya ilifuta ada za shule za msingi. Januari 2004, mzee Kimani Maruge, akiwa na miaka 84, alikwenda kuandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret. Alivaa soksi ndefu na kaptura ya shule. Alitaka kujua kusoma ili aisome Biblia mwenyewe, na alitaka kujua kuhesabu. Mwaka 2005 alipelekwa New York, Umoja wa Mataifa, kusemea elimu ya msingi ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimhamisha, akaishi kambini, na bado akaendelea kwenda darasani. Alifariki Agosti 2009, hajamaliza shule ya msingi.

Mara nyingi anatajwa kama mfano wa "hujachelewa kamwe". Naona tunamharakisha. Alikuwa amechelewa, tena sana. Hakupata utoto wa shule, wala cheti, wala kazi ya ofisini. Alichofanya ni chenye akili zaidi. Katika maisha yote yale ambayo hakuyaishi, alichagua kipande kimoja alichokuwa anakitaka kweli, herufi na namba, akaenda kukidai hichohicho. Mengine aliyaacha.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo nimeona yakiwafaa watu. Si dawa ya siku moja:

1. Yaandike au yasimulie maisha ya upande wa pili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mtu mmoja anayekusikiliza. Weka na uhamisho wa kikazi, na mkwe, na uzee. Wengi hawajawahi kuyafikisha mwisho. Wamekuwa wakiyatazama sura ya kwanza tu.
2. Uliza ni kipande gani hasa. Mara nyingi si gari. Mwanamke yule wa kichwa kinachouma aligundua kwamba kwa dada yake alikuwa anatamani mlango wa chumba unaofungwa kwa ndani.
3. Kama kuna mtu wa kudaiwa, mdai. Kama hayupo, basi ni msiba.

Matanga

Neno msiba nimelichagua. Mtu akifa, tunajua la kufanya. Jamvi linatandikwa, majirani wanaleta uji, watu wanakaa, wanalia, wanacheka kidogo, kisha matanga yanaanuliwa. Kuanua matanga ndiko kunakowaruhusu watu kurudi shambani bila aibu. Maisha ambayo mtu hakuyaishi hayana sanda wala jirani wa kuleta uji. Hakuna anayekupa pole kwa sekondari uliyoikosa. Kwa hiyo jamvi linabaki limetandikwa, miaka hamsini, na mfiwa amekaa peke yake akitazama barabara.

Wanafalsafa wana hoja wanayoipenda: ukiyataka maisha yale, umewakataa watoto wa maisha haya, kwa kuwa wasingezaliwa. Nilimjaribu nayo fundi. Mkewe walikutana kwa sababu alileta gauni lipunguzwe kiuno. "Ungekwenda sekondari," nikamwambia, "yule asingekuwamo."

Akakanyaga cherehani kidogo.

"Basi ningeoa mwingine," akasema.

Ni hoja nzuri lakini haimtibu mtu. Sikuirudia. Badala yake, kwa siku kadhaa nilizokuwa Tanga, nilikwenda jioni kukaa pale kibarazani, naye akanisimulia yote, bweni, Mlimani, feni ya dari, hadi kustaafu. Siku ya tatu alichoka. Alisema kustaafu kule hakujui, hajui anafanya nini asubuhi. Akaniuliza kama nakunywa kahawa.

Miezi minne baadaye nilirudi na koti. Nikamkuta na kitambaa cha kijivu mezani, kimechorwa kwa chaki. Mwenye gari alikuwa anaoza mjukuu, na akaleta suti ishonwe. Kwa miaka yote hakuwahi kushona hapa. Alikuwa hajui kibaraza ni cha nani, alijua ni fundi tu wa kupungia mkono.

"Ulimpima?" nikauliza.

"Nilimpima." Akafungua daftari la vipimo, akapitisha kidole. Kifua, kiuno, mkono. "Bega la kushoto limeshuka. Inchi nzima. Tangu shule, alikuwa anaegemea upande wangu anakopi."

Akachukua koti kutoka kwenye hanga, akaligeuza ndani nje nilione. Bitana ilikuwa bado haijafungwa. Upande wa kulia alikuwa ameweka pedi moja. Wa kushoto, mbili, moja juu ya nyingine, zimeshikizwa kwa mkono.

"Akilivaa atakaa sawa," alisema.

"Amelipa?"

"Nusu. Nusu nyingine Jumamosi."